Wifi Katikati ya Magoti Yangu

Mwaka ule wifi yangu alihama East Side, mtaa wetu wa Buffalo, akaenda kuishi Cheektowaga, nje ya mji, bila kuniambia. Habari nilizipata kanisani, kama mgeni. Nikaapa sitasema naye tena. Lakini katika Buffalo nzima hakumwamini mwingine kushika kichwa chake, na kusimama kwenye kwaya na nywele timutimu haiwezekani. Donc, basi, kila Jumamosi alikuja na gari lake, akakaa chini katikati ya magoti yangu, nami nikamsuka kimya. Nikitaka ainame, nilimtuma binti yangu: "Mwambie shangazi yako ainamishe kichwa."

Jumamosi moja nikiwa namsuka, binti alikuwa anatazama kwenye televisheni wimbo wa wasichana wa Korea. Wawili kati yao walikuwa wamegombana. Mmoja alimchana mwenzake nywele, wote wanalia, na hakuna aliyeomba msamaha.

"Mbaya ni nani hapo?" nikauliza.

Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hakuna mbaya: wanapendana, na wamekasirikiana.

Niliwavulia kofia wale watoto. Nyimbo zangu zote za mapenzi zilikuwa za mwanamke na bwana wake. Hawa, na ujana wao wote, walikuwa wanaimba hasira niliyoshika mkononi pamoja na kitana.

"Rudisha mwanzo," nikasema.

Wifi hakugeuka. "Huyo anavuta nywele kama wewe," akaniambia, neno la kwanza tangu ahame.

"Inamisha kichwa," nikamwambia, mimi mwenyewe.