Ngozi ya Punda wa Rafiki Yangu

Siku ile uwanjani kwangu, hapa Endasak, nilikuwepo mimi. Mwanangu wa mwisho, ambaye ninakaa naye. Mke wake, aliyekuwa anapepeta maharage. Na rafiki yangu, mama wa Kibarabaigi kutoka kule chini mbugani. Tulijuana tukiwa wasichana, mnadani. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, ila siyaandiki. Aibu hii inatutosha bila majina.

Nilipofiwa na mume wangu, rafiki huyu aliniletea punda jike. Hakunipa, wala hakuniuzia. Aliniwekea, kama tunavyowekeana mifugo huku: unamtunza, anakubebea maji na mahindi ya kusaga, na mwenyewe akimhitaji anamchukua. Akifa mikononi mwako, unampelekea mwenyewe ngozi aione kwa macho yake. Hata kama ameliwa na fisi, unapeleka kipande kilichobaki. Bila ngozi, wewe ni mwizi.

Sasa alikuja kwa miguu, dumu mgongoni. Punda wake wa nyumbani walikuwa wameibwa, wakakutwa korongoni wamechunwa, nyama imeachwa. Ngozi zilikuwa zinatafutwa sana za kupeleka China. Wanasema huko wanazichemsha wanapata dawa.

"Mwenzangu, maji yamenivunja mgongo," akasema. "Nimemfuata yule wangu."

"Tena umechelewa!" nikamjibu kwa furaha. "Yupo kijijini Daudi, kwa wakwe zake huyu mwanangu, anawabebea mavuno. Ataletwa kwako."

Ndivyo mwanangu alivyoniambia niliporudi kutoka hospitali ya Haydom nikakuta punda hayupo. Lakini mke wake akaacha kupepeta. Daudi ni kwao, na kwao hakuna punda aliyefika. Akamtazama mumewe.

"Mwanangu?" nikasema.

Akakuna kichwa. "Mama, nilimuuza. Kwa wale wa ngozi. Hela nikaongezea kwenye kununua pikipiki."

Pikipiki yenyewe ilikuwa imeegemea ukuta, nayo ya China.

"Mama mdogo, nisamehe," akamwambia mgeni. "Hawa jamaa wa China ndio wakubwa wa dunia sasa. Barabara wanajenga wao, simu ni zao. Mkubwa akitaka kitu, wewe nani ukatae?"

"Mbona redioni nasikia wamekataliwa?" mgeni akamuuliza. " Serikali imefunga machinjio ya punda. Na nchi nyingine nazo zimekataa."

"Ndiyo, sasa imekatazwa."

"Kumbe kukataa kunawezekana," akasema rafiki yangu. "Ila punda wangu alitangulia."

Mkwe wangu akaficha uso kwa ungo. Nadhani alitaka kucheka. Mimi sikujua niweke wapi mikono yangu.

Kisha rafiki yangu akanigeukia, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. "Basi nipe ngozi yake."

Ningempa nini? Nimesikia watu wakibishana kama mkubwa huyu mpya anatusaidia au anatula. Mimi sijui, shule niliishia darasa la pili. Ninachojua ni kwamba Mchina hakuingia zizini kwangu. Aliyeingia ni mwanangu, niliyemzaa.

Nikamwambia achukue mtamba wangu.

"Mtamba habebi maji."

Nikasema kijana atampelekea maji kwa pikipiki.

"Mpaka mafuta yaishe," akajibu, akafunga dumu lake mgongoni.

Nikasimama nimsindikize. Huku kwetu humwachi mgeni aondoke peke yake kama mtu aliyefukuzwa.

"Kaa," akasema. "Njia ninaijua."

Nikabaki nimeshika mwimo wa mlango. Baadaye nilimpelekea mtamba yule; akarudishwa, bila neno wala salamu.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka. Nakumbuka pia kwamba aliteremka mpaka akapotea kwenye mahindi, hakugeuka hata mara moja. Lakini nilikuwa nalia, naweza kuwa nimekosea. Ninyi mnaokaa kando ya njia ile, kama kuna aliyemwona akigeuka kutazama kwangu, tafadhali aje anisahihishe.