Sauti Iliyobaki Redioni

Nilikuwa na kipindi cha asubuhi kwenye redio ndogo ya hapa Kyela, na kilihusu kazi. Mimi mwenyewe sikuwa mtaalamu wa kitu chochote ila kuuliza, kwa hiyo niliwaita wanaojua: muuguzi, fundi umeme, mhasibu wa wakulima wa kakao, mwalimu wa hesabu aliyefuga samaki jioni. Niliwauliza kazi zao zinaelekea wapi, na anayetaka kudumu kwenye kazi hizo afanye nini. Nilifungua kwa "Mugonile", salamu yetu ya asubuhi, nikiivuta pale katikati kama alivyoivuta mama yangu huko Makwale. Nikipita sokoni, wauza ndizi waliniiga na kucheka.

Ukaja wakati ambapo kila mgeni alizungumzia akili mnemba. Mhasibu alisema itafunga hesabu, mwalimu alisema itasahihisha mitihani. Ushauri wao ulikuwa mmoja: usiikimbie, ijifunze, jiongeze. Niliurudia hewani kwa moyo wote, maana niliuamini.

Siku moja meneja akaniita. Ni kijana wa kanisani kwetu, mpole wa maneno.

"Dada, tunataka kuitunza sauti yako," akasema. "Ukiugua au ukienda likizo, kipindi kisilale."

Nikafurahi. Wiki nzima nilikaa studio nikisoma sentensi zisizo na kichwa wala miguu: majina ya vijiji, miezi, bei, pole, hongera, matangazo ya harusi na ya misiba. Nilikunywa maji ya tangawizi hadi midomo ikawaka. Nilipouliza ya nini yote hayo, akasema, "Kumbukumbu tu, dada."

Msimu wa mavuno ya mpunga ulipokwisha akaniita tena. Safari hii alikuwa amenifungulia soda.

"Redio inabadilika," akasema. "Wewe mwenyewe umekuwa ukiwaambia watu wasiogope mabadiliko."

"Nani atasoma?"

Akatazama dirishani. "Tutakuita tukikuhitaji."

Kesho yake nilikuwa uani naosha vyombo. Redio ya jirani ikasema "Mugonile", na aliyesema ni mimi. Ilikuwa sauti yangu kabisa, ila salamu ilikatwa kama inavyokatwa na mgeni aliyefika jana. Nikasimama na sufuria mkononi. Jirani alipochungulia juu ya ua akashtuka. "Kumbe uko hapa? Sasa huyo ni nani?"

Nilikwenda kwa meneja kabla sijakausha mikono.

"Ile sauti ni yangu."

"Ni ya redio, dada. Uliirekodi saa za kazi."

Nilimuuliza mtu anayejua sheria. Akaniambia kesi inaweza kufunguliwa, lakini nijiandae kwenda Mbeya na kurudi, na kwamba mwenye uwezo wa kungoja ndiye hushinda. Mimi sikuwa na uwezo wa kungoja. Mama alikuwa ameanza kuumwa.

Nikahamia Makwale kumuuguza. Nilimwambia nimeachishwa kazi, akakataa.

"Mbona leo nimekusikia?"

"Ile ni mashine, mama."

"Mashine inajua kunisalimia?"

Redio yake ilikaa kwenye kigoda karibu na mto wake wa kulalia. Kila asubuhi iliposalimia, aliitikia na kushukuru, "Ndaga, mwanangu," huku macho yake yameelekea redioni, si kwangu. Ugonjwa ulipozidi, akawa haelewi vizuri nani yuko chumbani. Kuna asubuhi nilikuwa namlisha uji, namwambia ameze taratibu. Sauti yangu kwenye kigoda ilikuwa inaeleza jinsi ya kuvaa unapokwenda kwenye usaili. Mama akainua mkono kuninyamazisha.

"Ngoja kidogo," akasema. "Mwanangu anaongea."

Nikashika kijiko hadi kipindi kilipokwisha, na uji ukapoa.

Alifariki kabla mvua hazijaanza. Kaka yangu alipeleka tangazo redioni kama tunavyofanya siku zote, ili ndugu wa Mwaya na wa ng'ambo ya mto wapate habari. Hakufikiria zaidi ya hapo, wala simlaumu. Asubuhi wanawake tulikuwa tumekaa kwenye mikeka uani, mbegu za kakao zikiwa zimesukumwa pembeni kupisha watu, na mtu fulani akafungulia simu yake kwa sauti kubwa.

Nikajisikia nikitangaza kifo cha mama yangu. Nilitaja jina lake, kisha watoto wake, na katikati ya wafiwa nikajitaja mwenyewe. Sauti haikutetemeka popote. Ilipomaliza kusema "Bwana ametoa, Bwana ametwaa", haikupumua hata kidogo, ikaingia kwenye vidokezo kwa wanaotafuta ajira, kwa uchangamfu uleule.

Wanawake wote waligeuka kunitazama. Shangazi yangu akanishika goti.

"Ulipata wapi nguvu za kusoma, mwanangu? Sisi tusingeweza."

"Sikusoma mimi, shangazi."

"Ndaga fijo, asante sana," akasema, akinipapasa kama anavyopapaswa mtu aliyechanganyikiwa kwa huzuni. "Umemheshimu mama yako."

Nilitaka kupiga kelele, lakini kwenye msiba kila kelele ni kilio. Nikalia, nao wakalia pamoja nami, na hakuna aliyejua ninalia mawili.

Meneja alikuja mazishini na kreti za soda. Akanipa mkono.

"Pole sana, dada. Lile tangazo tulilirusha bure."

"Ondoa sauti yangu," nikamwambia.

"Tutaliangalia."

Hawajaliangalia hadi leo. Mimi nauza mchele sasa. Sijafa kwa njaa, na sitaki kuonewa huruma. Kinachonikera ni kwamba watu bado wananijia kuomba ushauri, kwa kuwa wananisikia kila asubuhi. Juzi alikuja mwalimu kijana. Shule yao imemwomba arekodi masomo yake yote, mwanzo hadi mwisho. Amefurahi, anaona amethaminiwa.

Nikamwambia, "Kabla hujatoa sauti yako au uso wako, uliza vitakuwa mali ya nani siku ukiondoka. Uliza mbele ya wenzako, si chumbani wewe na mkuu wako peke yenu. Wasipojibu, usirekodi."

Akafikiri. "Nikikataa watasema siendi na wakati. Wako wengi wanaoingoja nafasi yangu."

Ni kweli, wako. Nikamfungia mchele wake, akaondoka.