Sarafu Moja, Sado Mbili

Sokoni Ruangwa, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja likizo alikuwa akimweleza shangazi yake, muuza mbaazi kutoka Nambambo, kuhusu masomo yake. Walimu watatu, wa uchumi, wa sheria na wa siasa, wanafundisha darasa moja: nchi jirani zitumieje sarafu moja.

“Wakibishana, anaamua nani?”

“Hapo bado hatujafika, shangazi.”

Mteja akataka sado, lile kopo la kupimia, ijazwe mpaka ifanye kilima, kama wanavyopima Ruangwa. Shangazi akapitisha kiganja juu, ikawa sawasawa. “Kwetu Nambambo tunapima hivi.”

Wote wawili wakamtazama msomi. Akachota konzi moja ya mbaazi, akaongeza.

“Hiyo naikata kwenye nauli yako ya chuo,” shangazi akasema.

Mimi niliyekuwa nikisubiri zamu yangu ya kupimiwa, naona darasa lile limepungukiwa na mwalimu wa nne: wa sokoni.