Hadithi Iliyomtoroka Msusi

Kiwalani nzima ilijua kwamba Yasmini anaandika kitabu. Kisichojua kilikuwa kitabu chenyewe.

Yasmini alikuwa msusi, mtoto wa Lindi mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kibarazani kwake, huku ndege zikishuka uwanjani juu ya mabati ya watu, alisuka rasta na kusimulia riwaya yake. Ilimhusu Tausi, mke aliyemkimbia mumewe, ambaye baada ya miaka mingi anarudi kuchukua cherehani yake tu. Na kusimulia alijua, Mungu amsamehe! Tausi akifika mlangoni na kuinua mkono apige hodi, Yasmini hunyamaza kupisha ndege ipite, na wateja hukaribia kumlaani rubani.

Kasheshe ilikuwa alfajiri. Akishaswali alifungua daftari na kuikuta sura ya nne pale pale alipoiacha mwaka juzi. Hamu hana. Jambo ulilokwisha kulisimulia mara chungu nzima, watu wakacheka na kulia, utaliandikia nini tena? Basi hulifunga daftari akaenda kuchemsha maji, akijiambia kesho. Na tangu darasa la saba alitaka kitu kimoja tu, kumaliza kitabu chake mwenyewe. Ilimuuma, ingawa kwa nje alicheka.

Siku moja akaja mteja mgeni, Demetria, mke wa fundi makochi wa Keko. Hata hajakaa vizuri, akaanza umbea.

"Dada, umesikia ya yule mwanamke aliyefuata cherehani yake kwa mume?"

Vidole vya Yasmini vilisimama.

"Ni kwetu Keko hapo," Demetria aliendelea. "Kafika, mume kamlilia, kambembeleza, mwanamke kaitua cherehani, karudi ndani. Sasa hivi wana mapacha."

"Hakurudi!" Yasmini alipayuka.

"We umejuaje? Mie kanihadithia mtu aliyekuwepo."

"Siyo mtu wa kweli huyo! Nimemtunga mie!"

Demetria alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu ambaye malaria imempanda kichwani. "Sawa, dada. Ila usinibane sana hapo mbele."

Bi Mwanakombo, jirani mtu mzima aliyekuwa akichagua mchele pembeni, alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Mgeni alipoondoka alisema, "Mwanangu, mali bila daftari hupotea bila habari. Ukienda Keko kumdai Tausi wako, utawaonyesha nini?"

"Daftari ninalo, mama."

"Unalo. Lina nini ndani?"

Kutwa nzima Yasmini aliwaza jambo moja. Mapacha! Tausi wake apewe mapacha na watu wa Keko!

Akaapa kwamba asichokwisha kukiandika hatakisimulia. Wateja walinuna, na mmoja alihamia kwa msusi mwingine moja kwa moja. Mara nyingi ulimi ulimwasha akang'ata kitana. Lakini yale aliyoyabana mchana yalimwamsha alfajiri yakitaka kutoka, na njia ilikuwa moja tu, kalamu. Kurasa nyingine zilikuwa mbovu, akaziacha hivyo hivyo akasonga mbele. Bi Mwanakombo akipita kwenda dukani, kabla hata hajaitikia shikamoo yake humuuliza, "Umeandika?" Siku za kusema hapana, Yasmini aliona aibu kama mtoto.

Masika ikapita, kipupwe kikaingia. Demetria akarudi na haraka zake. Ana kichenpati ya kumfunda bi harusi Kigamboni saa kumi, na pantoni ya kuvukia haimsubiri mtu. Yasmini alimsuka kimya, akazichovya ncha za rasta kwenye maji ya moto, akazikausha kwa taulo. Kisha akaleta daftari.

"Dada, nikusomee ya ile cherehani ilivyokuwa."

"Fanya chapchap basi."

Alisoma. Tausi alipiga hodi. Mume alilia kweli, akabembeleza kweli. Tausi alimpa kikombe cha maji, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akajitwika cherehani kichwani, uzito wake ukamnyoosha shingo, akaondoka. Bi Mwanakombo, pembeni kama kawaida yake, aliuweka ungo chini. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa ikaisha. Demetria, nywele zake zimekwisha zamani na pochi iko mapajani, hakunyanyuka.

Yasmini aliinua macho kutoka daftarini.

"Enhe?" Demetria alisema, macho yamelowa. "Endelea."

"Imekwisha."

"Imekwisha imekwisha?"

Maisha yake yote Yasmini hakuwahi kulisema neno hilo juu ya kitu alichokiandika. Alilifunga daftari kwanza.

"Ndiyo, dada," alisema. "Imekwisha."