Kichupa Kilichooshwa

Chuo kikuu kilifungwa asubuhi moja kwa sababu wanafunzi walikuwa wamerusha mawe. Mimi sikurusha hata kokoto, lakini nilifukuzwa pamoja na wengine. Hasira yangu ilianzia hapo. Maabara ingezimwa stima, na ndani ya friji kulikuwa na kichupa changu.

Ndani yake mlikuwa na utando mwembamba wa manjano, basi. Niliutoa kwa bakteria wa baharini, wale wanaoota juu ya mawe ya pwani kama nywele zisizochanwa, watu wakidhani ni mwani. Ndoo kwa ndoo za uchafu ule zilizaa utando huo tu, na uliua kamba wadogo wa majaribio zaidi ya kitu chochote tulichopima. Tulijua uzito wa molekuli yake. Vipande vyake viliunganaje, hatukujua, na mashine ya kutuonyesha ilikuwa ng'ambo. Kichupa kilikuwa kipelekwe huko. Bila umbo la molekuli ile, sina shahada.

Nikakibeba hadi Sotik, kwa mama mkwe. Friji hatukuwa nayo. Pahali penye baridi zaidi palikuwa chumba anamoning'iniza vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando, nikakiweka humo, nikamwomba awakataze watoto wasikiguse. Hakuna mtoto aliyekigusa.

Mimi niliolewa huko kutoka Kisii. Nani angeniambia kwamba kwa Wakipsigis chombo kinachokaa na vibuyu vya maziwa hakiachwi kichafu? Redio ilipotangaza chuo kimefunguliwa, mama mkwe aliniletea kichupa kwa kitambaa safi. Kiling'aa. Kilinuka moshi wa mkaa wa mti wa senetwet, ule anaosugulia vibuyu.

"Nimekuoshea na maji moto," alisema. "Huwezi enda kwa Wazungu na chupa chafu hivyo, mtoto wangu. Watasema hakuna mtu alikufunza."

Mama mkwe hapigiwi kelele. Nilimeza matusi. Nikamwambia, meno yakiwa yamebanana, kwamba amemwaga kazi yangu yote. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili. Yeye alimwaga maji tu.

"Hebu nionyeshe," akasema. "Hiyo kitu ilikuwa inakaa aje?"

Nilichukua kalamu nimchoree. Nikasimama mbele yake na hasira yangu, kalamu mkononi, kwa maana hata mstari wa kwanza wa molekuli ile sikuujua.