Kufuli Nililolikata Jumapili

Jeshini mtu asiyeonekana kwenye mstari ana jina moja tu: mtoro. Ndiyo maana nilipokuja likizo Ifakara, nikakuta chumba cha pili kina kufuli lenye vumbi, sikuhangaika kufikiri.

Nyumba hiyo niliijenga nikiwa kambini, mbali, kwa kutuma maagizo ya simu. Chumba cha mbele anakaa mama yangu, ambaye kifua humbana. Cha pili nilimpangisha mjane mmoja wa rika la shangazi zangu, kwa kodi ndogo, ili mama akikohoa usiku awepo wa kumsikia. Nilimweleza wazi. Kwangu mimi lile lilikuwa lindo. Sasa mwezi mzima lindo halina mtu na simu yake haipatikani. Nilikasirika hadi chai ikanishinda.

"Yuko shamba, kule kijiji cha Kisawasawa," mama alisema. "Mpunga umetoa masuke. Nani atamfukuzia ndege?"

"Aliomba ruhusa kwa nani?"

Mama alinitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Nimezaliwa bonde hili. Utotoni, msimu wa ndege ukifika, nusu ya mtaa ilihamia mashambani, milango ikabaki na makufuli, na hakuna aliyemwita mwenzake mtoro. Haya nilikuwa nayajua. Lakini miaka ya gwaride ilinizoesha kwamba kila kitu kinahitaji idhini ya mkubwa, na mkubwa wa nyumba ile nilikuwa mimi.

Jumapili, mama alipokwenda kanisani, niliazima msumeno wa chuma kwa fundi baiskeli, nikalikata kufuli. Godoro, sufuria, redio, nguo, vyote nikavipanga kwenye korido, mstari umenyooka. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshakubaliana na mpangaji mpya.

Mama alirudi, akaona. Hakufoka. Alifungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akatoa ufunguo, akauweka juu ya godoro.

"Aliniachia mimi. Kuuliza si ujinga, baba."

Hata hajakaa, baiskeli ikaingia uani. Alikuwa yule mjane, matope hadi magotini, perege wamefungwa kwenye keria. Kumbe kila Jumapili alikuwa akija kumletea mama kitoweo na kumfulia, halafu anarudi kwa ndege wake. Kumbe alikuwa pia amemwomba jirani wa nyuma alale kwa mama, na jirani akaacha siku niliyofika mimi, maana mwenye nyumba ameshakuja. Niliona aibu, nikasahau hata kumwamkia.

Aliitazama korido. "Mwanangu," alisema, "mtoro huacha godoro?"

Nilimwambia nitavirudisha vitu vyake, kosa ni langu. Nililisema hilo kwa sauti ya kutoa amri, kwa sababu sauti nyingine nimeshaisahau. Alimkabidhi mama samaki, akaita bajaji. Alihamia mtaa wa pili, kwa mwenye nyumba asiyedai kuombwa ruhusa.

Mavuno yameisha. Mpangaji wangu mpya hurudi amechoka, anajifungia na simu yake. Mimi niko kambini, na kila jioni nikimpigia mama, simu hupokelewa na sauti ya yule mjane.

"Mama yuko kwangu, anakula," ananiambia. "Subiri amalize, afande."

Nasubiri.