Jina la Bibi Kwenye Kitabu cha Ubatizo

Mimi nina bahati kuliko wachimbaji wote wa dhahabu wa Geita. Leo nimekwenda parokiani Ushirombo kutafuta jina la bibi yangu, kitabu cha ubatizo kikafunguka palepale alipoandikwa Baba.

Binti yangu mchanga halali, analia tu. Baba anasema mtoto anadai apewe jina la bibi, yaani mama yake Baba, aliyefariki miaka ya sitini Baba akiwa bado ananyonya. Hakuna aliyebaki anayelijua.

Karani, mama mmoja wa makamo, akasoma: "Mtoto, Paulo Masanja. Jina la mama..."

Akainua macho kunitazama.

"Soma tu, mama. Mimi sizimii ovyo."

"Mama Masanja."

Nikamwambia hilo si jina.

"Sasa katekista angemwitaje mke wa mtu, mwanangu? Hiyo ndiyo heshima."

Nikampigia Baba simu. "Baba, wamemwandika Mama Masanja."

Masanja ndiye Baba mwenyewe. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo hata kanisani alikuwa mama yangu tu."

Wenye wazee Ushirombo, hebu waulizeni mama yake Masanja aliitwa nani.

Ile bahati ya hapo juu nimewadanganya. Jina sikulipata, na mtoto bado analia.